Saa ya seva ya simu za ofisi: chrony, ntpd, timesyncd, ruta, GPS au mkono wako?

Jumatatu moja niliitwa kwenye ofisi ya mawakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Tangu asubuhi, kila mteja aliyepiga alikuwa anaambiwa na ile sauti ya mashine kwamba ofisi imefungwa, apige siku ya kazi. Simu za ndani zilikuwa zinaita vizuri, laini ya nje ilikuwa hai, na dada wa mapokezi alikuwa amekaa pale tangu saa mbili kasoro robo bila kupokea simu hata moja ya mteja. Nikaingia kwenye seva, ile kompyuta inayoendesha simu za ofisi, nikaandika amri ya `date`. Ikajibu: Jumapili, tarehe 1 Januari 2012.

Umeme ulikuwa umekatika Jumapili usiku na UPS ikaishiwa. Betri ya kwenye ubao mama, ile CR2032 ya mviringo kama sarafu, ilikuwa imekufa siku nyingi bila mtu kujua, kwa sababu mashine ilikuwa haizimwi. Ilipowaka tena ikarudi kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani. Na tarehe 1 Januari 2012 kweli ilikuwa Jumapili, kwa hiyo seva ilitii tu ilichoagizwa: Jumapili hatupokei. Simu walizopiga wao kwenda nje asubuhi ile zilirekodiwa kama kawaida, ila tulizikuta kwenye folda la 2012/01/01, mahali ambapo hakuna mhasibu angekwenda kuzitafuta.

Aliyefunga ule mfumo aliseti saa kwa mkono, akachukua malipo yake, akaondoka. Na saa ilienda vizuri mpaka usiku ule.

Ndiyo maana ninapolinganisha njia za kutunza saa ya seva ya simu, sianzi na usahihi. (chrony, ntpd na timesyncd ni programu zinazouliza saa kwenye seva za saa za intaneti, kwa itifaki iitwayo NTP.) Milisekunde ni shughuli ya minara ya simu za mkononi na masoko ya hisa. Simu za ofisi zinatosheka na sekunde moja, mradi iwe ileile kwenye seva, kwenye kila simu ya mezani na kwenye kumbukumbu za simu zilizopigwa. Mimi nauliza hivi: umeme ukikatika, ukarudi, na intaneti bado haijarudi, saa itasema nini?

Kwanza ukanda wa saa

Kuna watu wanahangaika na programu za kusawazisha wakati seva yao iko sahihi kabisa, ila iko kwenye saa za London. Anza na hili:

`timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Nairobi, Kampala na Dar zote ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC, na hatuna ile habari ya kusogeza saa mbele na nyuma kwa majira. Kigali, Bujumbura, Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko saa mbili mbele, Kinshasa saa moja, Maskati saa nne. Kama seva moja ya Dar inahudumia pia tawi la Lubumbashi, usiguse saa ya seva kwa ajili yao. Kwenye Asterisk, programu ya kuendesha simu, amri ya `GotoIfTime`, inayoamua simu iende wapi kulingana na saa, inapokea jina la ukanda baada ya saa, siku na miezi, na kila sanduku la ujumbe wa sauti linaweza kupewa ukanda wake. Seva inabaki na saa moja, matawi yanasomewa ya kwao.

Ukishabadilisha ukanda, washa upya Asterisk na hifadhidata pia. MariaDB huusoma ukanda wa mashine inapoanza tu, kwa hiyo usipoiwasha upya utapata simu zinazoita saa tano na kumbukumbu zinazosema saa mbili. Kwenye FreePBX, kurasa za kuendeshea Asterisk, angalia pia ukanda wa PHP (lugha iliyoandikiwa kurasa hizo) katika mipangilio ya juu (Advanced Settings).

Halafu kuna kosa letu sisi wenyewe, ambalo sijaliona kwenye mwongozo wowote. Bosi anasema, "Tunafungua saa mbili, tunafunga saa kumi na moja." Kijana anakwenda kwenye ratiba ya mfumo anaandika 02:00 hadi 11:00. Asubuhi kila kitu kinakwenda sawa, wateja wanapokelewa, kijana anasifiwa. Ikifika saa tano kamili wateja wote wanaambiwa ofisi imefungwa. Nimeona ofisi ambako "tiba" ilikuwa kurudisha saa ya seva nyuma kwa saa sita, na kweli wateja wakaanza kupokelewa mchana. Ila kila simu kwenye kumbukumbu ikawa na saa sita za uongo. Andika 08:00 hadi 17:00, saa ya seva iache ilivyo.

Mkono

`date` kuweka saa, `hwclock --systohc` kuihamishia kwenye saa ya betri, umemaliza. Kuweka saa kwa mkono ni njia halali kwa PABX (mtambo wa simu za ofisi) ya zamani ya analogi isiyo na waya wa mtandao, ambako huna jinsi nyingine. Kwa seva yenye mtandao, hapana.

Sababu ya kwanza umeshaisoma. Ya pili ni kwamba kioo cha kwati, kinachohesabu sekunde ndani ya kompyuta ya kawaida, kinaweza kukosea sehemu 20 katika milioni bila mtu kusema ni kibovu. Hiyo ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi. Baada ya mwaka, mteja anasema nilipiga saa nne na dakika tano, rekodi inasema saa tatu na dakika hamsini na tano, na ninyi wawili mnabishana mbele ya meneja.

Ya tatu ni ule wakati wenyewe wa kurekebisha. Muda wa simu hupatikana kwa kutoa saa ya kuanza kwenye saa ya kumaliza. Ukiirudisha saa nyuma dakika tano wakati mtu yuko katikati ya maongezi ya dakika tatu, kumbukumbu zitasema simu ile iliisha kabla haijaanza. Kama ni lazima urekebishe kwa mkono, fanya usiku.

timesyncd

Hii huja na systemd, programu inayowasha huduma za Linux, na kwenye Debian 12, aina ya Linux ambayo ndiyo FreePBX 17 imejengwa juu yake, mara nyingi unaikuta ipo tayari. `timedatectl set-ntp true` na imeanza kazi. Ni mteja tu: inauliza seva moja ya saa kwa wakati mmoja, inaamini jibu, inarekebisha. Haiwezi kuzigawia simu zako za mezani saa.

Ina tabia moja ninayoipenda. Huhifadhi saa ya mwisho kwenye diski, na mashine ikiwaka na saa iliyo nyuma ya hapo, inaisogeza mbele mpaka pale. Kwa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, hii ni nusura, kwa sababu matoleo ya kabla ya Pi 5 hayana saa ya ndani kabisa, na hata Pi 5 betri yake unainunua kando.

Lakini pigia hesabu ile Jumapili yetu. Tuseme umeme ulikatika saa nne usiku ukarudi saa tisa. timesyncd ingeianzisha seva pale pale saa nne, na kama intaneti haijarudi, Jumatatu saa mbili asubuhi seva ingeamini ni saa tisa usiku. Mwaka ungekuwa sahihi, tarehe sahihi, na wateja bado wangeambiwa ofisi imefungwa.

Kama seva yako ya simu iko kwenye kituo cha data cha kukodi, ambako umeme na mtandao si shida zako, timesyncd inatosha na sioni sababu ya kuongeza kitu.

ntpd

Huyu ni mzee wa kazi. NTP yenyewe ni kazi ya David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani; maelezo yake ya kwanza yalitoka 1985, na toleo la nne tunalotumia leo likaandikwa rasmi 2010. ntpd ndiyo programu iliyokua pamoja na itifaki hiyo. Utaikuta kwenye mifumo mingi ya simu ya zamani, na kama inafanya kazi sikulazimishi kuing'oa leo.

Ila imeumbwa kwa ajili ya mashine isiyozimwa, yenye mtandao usiokatika. Kosa likizidi sekunde 1,000, yaani dakika kama 17, inakata tamaa na kujizima, isipokuwa umeiwasha na `-g` inayoiruhusu kuvumilia mara moja mwanzoni. Na ikiwa umeilazimisha isogeze polepole badala ya kuruka, kila sekunde moja ya kosa inaichukua sekunde 2,000, kama dakika 33. Kwenye RHEL 8, Linux ya kampuni ya Red Hat, waliiondoa kabisa, na Debian 12 ukiomba `ntp` unapewa NTPsec, toleo lililosafishwa. Kwa seva mpya sina sababu ya kuichagua.

chrony

Hii ndiyo ninayoiweka kwa wateja wangu, na sababu ni kwamba imetengenezwa kwa mashine zinazoishi kama zetu: mtandao unakuja na kuondoka, mashine inazimwa bila kuagwa. Inajifunza kasi ya kukosea ya kioo cha mashine yako na kuiandika kwenye faili, kwa hiyo hata intaneti ikikatika siku nzima inaendelea kufidia kosa kwa hesabu. Na inaposogeza saa polepole, kikomo chake cha kawaida ni sehemu moja ya kumi na mbili: kosa la sekunde moja linaweza kumalizwa ndani ya sekunde kama 12, bila saa kurudi nyuma hata kidogo. Kwa kumbukumbu za simu hilo ni jambo kubwa.

Faili langu la mipangilio huwa hivi, pamoja na yale yanayokuja nalo:

```
pool africa.pool.ntp.org iburst
server time.cloudflare.com iburst
makestep 1.0 3
rtcsync
allow 192.168.10.0/24
local stratum 10
```

`makestep 1.0 3` inasema: kosa likizidi sekunde moja, ruka, lakini katika marekebisho matatu ya kwanza tu. Wengi husoma "dakika tatu za kwanza", wakaogopa kwamba intaneti ikichelewa saa mbili nafasi imepita. Haijapita. Inahesabu marekebisho, na bila mtandao hakuna rekebisho lililofanyika. `rtcsync` inahakikisha saa ya betri inaandikwa upya kila dakika 11, kwa hiyo hata umeme ukikatika ghafla, saa ya betri ina jibu zuri.

`allow` ndiyo inayoifanya seva iwe saa ya ofisi nzima. Taja mtandao wako wa ndani tu. Seva za saa zilizoachwa wazi kwa dunia nzima kwenye UDP 123 (mlango wa mtandao unaotumiwa na NTP) ziliwahi kutumiwa kushambulia watu wengine, hasa mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014, na mwenye seva hakuwa na habari.

`local stratum 10` inairuhusu seva iendelee kuzigawia simu saa hata intaneti ikiwa haipo. Hapa ndipo chrony inapoweza kukuumbua. Betri ikiwa imekufa na mtandao haupo, itaigawa ile 2012 kwa simu zote arobaini za ofisi kwa uaminifu mkubwa. Dawa yake ni mbili: badilisha betri (ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye kazi nzima), na ongeza `-s` kwenye vigezo vya kuwashia chronyd. Kwa `-s` inaanza na saa ya betri, na ikiona hiyo iko nyuma ya tarehe ya lile faili lake la kioo, inatumia tarehe ya faili. Unapata ile tabia nzuri ya timesyncd bila kuhama.

Kuhusu idadi ya seva za saa: ukiweka mbili na zikapingana, programu haina namna ya kujua ipi inadanganya. Weka nne, au tumia `pool` inayokuletea kadhaa kwa jina moja. Epuka tu kuchanganya seva za saa za Google na nyingine. Google huieneza sekunde ya nyongeza (ile inayoongezwa mara chache ili saa zilingane na mzunguko wa dunia) kwa saa nyingi badala ya kuiongeza mara moja, na siku hiyo zingepingana. Ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2016, kwetu saa tisa kasoro usiku wa kuamkia Januari 1, na imeamuliwa utaratibu huo uachwe ifikapo 2035, kwa hiyo usikose usingizi.

Ruta

Kama ofisi ina ruta ya MikroTik, mfumo wake wa RouterOS toleo la 7 una seva ya saa ndani yake tayari; kwenye 6 ilikuwa kifurushi cha kuongeza. Hoja ya kuitumia ni nzuri: ruta ndiyo ya kwanza kuona intaneti ikirudi, na inahudumia simu, kamera na kompyuta kwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba nyingi kati ya zile ndogo hazina saa ya betri. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, ruta haijui leo ni lini. Mimi huiweka kama chanzo cha ziada cha chrony, sio chanzo pekee. Zile ruta za bure za kampuni za intaneti kwa kawaida haziwezi kazi hii kabisa.

GPS

Kambi ya watalii porini, meli, mgodi, mahali ambapo simu za ndani ndizo uhai wa kazi na intaneti ni ya bahati. Hapo kipokezi cha GPS cha USB, gpsd (programu inayokisoma kipokezi) na chrony vinakupa saa kutoka angani. Kipokezi cha USB cha bei nafuu kinaweza kukosea sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi kidogo, na kwa simu hiyo ni sawa kabisa. Chenye waya wa mpigo wa kila sekunde kinafika mikrosekunde, ambazo huna kazi nazo. Antena ione anga, maana bati halipitishi. Na ukinunua kilichotumika, angalia tarehe kinayotoa kabla ya kulipa: hesabu ya wiki za GPS hurudi sifuri kila wiki 1,024, ilirudi tarehe 6 Aprili 2019, na vipokezi vya zamani visivyojua hilo vinakupa saa sahihi ya karibu miaka ishirini iliyopita.

Seva ikiwa ni mashine pepe

Mashine pepe ni kompyuta ya programu inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, yaani mwenyeji. Chagua msimamizi mmoja. Zana za VMware au Hyper-V zikirekebisha saa huku chrony nayo inarekebisha, zitavutana. Mimi huzima ile ya mwenyeji na kuacha chrony, isipokuwa kwenye kontena (seva inayotumia kiini cha mfumo wa mwenyeji), ambako saa ni ya mwenyeji na kazi yote unaifanya huko.

Yote kwa pamoja, kwa lile swali langu:

| Njia | Umeme umerudi, intaneti bado | Inazigawia simu saa? | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Mkono | Inategemea betri peke yake | Hapana | PABX ya analogi |
| timesyncd | Haiwi nyuma ya saa ya mwisho iliyohifadhi | Hapana | Seva ya kukodi, Raspberry Pi |
| ntpd | Betri. Inaweza kugoma kosa likiwa kubwa | Ndiyo | Mfumo wa zamani unaofanya kazi |
| chrony yenye `-s` | Betri, au tarehe ya faili lake | Ndiyo | Ofisi nyingi |
| Ruta | Mara nyingi haijui tarehe | Ndiyo | Chanzo cha ziada |
| GPS | Sahihi | Kupitia chrony | Pasipo intaneti |

Simu za mezani hazisomi saa ya seva kwa kubahatisha

Watu wakiona seva iko sawa wanaondoka, kesho yake wanaitwa kwa sababu kioo cha simu ya meneja kinaonyesha saa nyingine. Simu nyingi za IP hutafuta saa zenyewe kwa NTP, na zisipoelekezwa zinakwenda kwenye seva aliyoiweka mtengenezaji huko kwao. Kwenye DHCP, huduma inayozigawia simu anwani za mtandao, weka chaguo namba 42 lenye anwani ya seva yako, kisha ukanda wa saa uuweke kwenye faili la mipangilio la simu zenyewe, kwa sababu 42 inasema tu saa iulizwe wapi. Simu za analogi zilizo nyuma ya geti (kifaa kinachoziunganisha na seva) hupata saa pamoja na namba ya mpigaji: mwezi, siku, saa na dakika, bila mwaka. Kwa hiyo hizo hurekebishika zenyewe zikipigiwa mara moja.

Ukimaliza, usiridhike na `chronyc tracking`, amri inayoonyesha hali ya chrony. Subiri jioni watu wakiondoka. Chomoa waya wa intaneti, izime seva kwa kuchomoa umeme wake, kaa dakika kumi, uiwashe bila intaneti. Halafu nyanyua simu ya mapokezi; kama ni FreePBX piga *60 na sauti itakusomea saa. Sikiliza ukiwa umeshika simu yako ya mkononi. Ikitaja saa iliyo nyuma kwa dakika kumi au zaidi, betri yako ni mbovu na lile faili ndilo lililokuokoa. Ikitaja saa sahihi, rudisha waya wa intaneti, piga *60 tena, kisha uandike tarehe ya leo kwa kalamu ya wino kwenye betri mpya kabla hujafunga kasha.